Samaki wa Makome wa Miburani na Koo Zao

Zuhura na Hamadi, nyinyi ndio mnaobaki na matangi, na nyinyi ndio mlioniganda niandike. Basi kaeni msome. Sitaki mtu aje aseme Mzee Shomari kaondoka na kazi yote kichwani, kama mpangaji aliyeondoka na ufunguo wa watu.

Habari ya mshahara sitaandika, maana haukuwa na habari. Wala vyeo. Niliingia nikiitwa fundi, nimetoka nikiitwa mzee, na kazi ilikuwa ile ile. Shule niliiacha darasa la nne, baba akanipa sululu, na sululu ndiyo iliyonilea mimi, mke wangu na watoto wetu wote. Nilikuwa mchimba visima. Visima vingi mnavyoviona kisiwani hapa, Miburani hadi Kilindoni, vimepita mikononi mwangu, na hakuna hata kimoja kilichobomoka. Anayebisha aende akachungulie.

Sasa, maji ya Miburani mnayajua. Chini kwetu ni mawe ya matumbawe matupu, na maji yake ni magumu. Ukifua, sabuni haitoi povu, inakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Birika la chai baada ya muda linaota ukoko mweupe ndani. Kisima cha nyuma ya kwangu ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote, na mke wangu, Bi Salama, alikuwa akinisimanga nacho kila siku ya kufua.

Siku moja akaja mwanamke wa bara, mke wa daktari aliyehamishiwa Kilindoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Daktari."

"Daktari ni mume wangu. Mimi ni Yusta, mtu wa samaki, kwetu Kigoma. Nimeambiwa wewe una maji mabaya kuliko watu wote hapa."

Nikamwangalia. Mtu akija nyumbani kwako kukwambia hivyo, ama ana wazimu ama ana shida. Nikamtekea ndoo. Akachota kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa, maji yakageuka rangi ya zambarau. Akacheka peke yake, akapiga makofi.

"Haya ndiyo! Mzee, maji haya ni kama ya ziwani kwetu kabisa. Nimeyatafuta tangu nishuke hapa."

Bi Salama akatoa kichwa dirishani. "Kama ni kabisa, mwanangu, chukua kisima chote, na mwenye nacho umchukue."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Bi Yusta alitaka kufuga vile visamaki vidogo vya Ziwa Tanganyika vinavyoishi ndani ya magamba ya konokono, awauzie watu wa mbali wanaofuga samaki kwenye vioo sebuleni. Nilimjengea matangi ya saruji chini ya banda la makuti, safu mbili, ile ya mbele chini na ile ya nyuma juu kidogo. Nilipomaliza kujenga, nikakaa kuangalia kitakachotiwa humo. Nimekaa kuangalia mpaka mwezi uliopita.

Samaki walikuja kwa ndege, ndani ya mifuko ya nailoni iliyotunishwa hewa. Nilitarajia samaki. Vikaja vitu vyenye urefu wa kidole changu cha mwisho. Shemeji yangu Kombo, kaka yake Bi Salama, anayeishi kisiwa cha Juani na ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa amelala, alikuwepo siku hiyo.

"Shemeji, hivi vinakaangwaje?"

"Havikaangwi. Vinaangaliwa."

"Vinaangaliwa! Mimi nikivua vya namna hii hata paka wangu ananidai samaki."

Kwa muda mrefu watu wa Juani waliniita Bwana Dagaa. Nililichukua jina hilo, sikuona aibu. Dagaa wangu walipanda ndege. Kombo mwenyewe hajapanda mpaka leo.

Shida ya kwanza ilikuwa nyumba. Bi Yusta alikuja na makome, yale magamba ya konokono wa ziwani, lakini hayakutosha, na samaki asiye na kome hazai, anajibanza pembeni na kukonda. Makome ya baharini tulijaribu. Mengine mdomo mwembamba, mengine yana pembe ndani zinazomchubua. Mimi ndiye niliyekumbuka konokono wa mashambani, wale wakubwa wa Kirongwe. Wakifa gamba linabaki, mdomo mpana, ndani laini. Nikapanda bodaboda na gunia langu, nikawa natembea chini ya minazi ya watu nimeinama.

Mama mmoja akanisimamisha. "Baba, unatafuta nini shambani kwangu?"

"Magamba ya konokono."

"Ya kazi gani?"

"Nyumba za samaki."

Akanitazama kuanzia kanzu mpaka malapa. "Sawa, baba. Dawa yako usiimwage huku kwangu." Mpaka leo Kirongwe wapo wanaojua kwamba mimi ni mganga, na wawili walishanijia kuniomba dawa ya mapenzi. Niliwapa ushauri tu, na ulifanya kazi. Zingatieni: gamba lichemshwe mara mbili, lilowekwe, ulinuse. Likinuka, chemsha tena. Pua haidanganyi.

Tuje kwenye koo, maana hapo ndipo mnapobabaika.

Bi Yusta alinipa kazi ya kuwagawa samaki kwenye matangi kwa ukoo, ili wasichanganyike wakazaana ovyo. Majina yake ya kitabuni yalikuwa marefu kama kamba ya kisima, nikaweka ya kwangu. Wale wadogo kuliko wote, wenye mistari kama kitambaa cha kikoi, niliwaita Vikoi. Wale wenye doa linalong'aa kwenye shavu niliwaita Wafukiaji, na sababu mtaiona. Wa tatu ni wale warefu kidogo, wa kahawia, hawana doa wala mstari, hawana vurugu. Hao niliwaita Wakimya. Halafu kulikuwa na samaki wengine wakubwa zaidi, Majabali, ambao hawataki kome, wanaishi kwenye nyufa za mawe. Hao walikaa safu ya juu, peke yao.

Mimi nikapanga kama tunavyopanga sisi. Juani ukikuta nyumba zimebanana, jua hapo pana babu mmoja. Kwa hiyo wote wa makome nikawahesabu ukoo mmoja wenye matumbo matatu, Majabali nikawaweka mbali kama wageni. Nikamwita Bi Yusta aje asifu.

Akasoma vibao vyangu, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, Wakimya hawamo hapa. Ndugu zao ni Majabali."

"Yule mkubwa vile, mara tatu yake?"

"Kafupika kwa sababu ya nyumba, si kwa sababu ya ukoo. Mababu zao walitoka kwenye mawe wakahamia kwenye makome. Mwenye mwili mkubwa haingii kwenye kome, basi wakabaki wadogo."

"Lakini wanakaa pamoja na Vikoi, mlango kwa mlango."

"Mimi na wewe tunakaa Miburani mlango kwa mlango. Mimi Muha, wewe wa hapa hapa. Ni ndugu?"

"Ukikaa sana, ndiyo."

"Samaki hawaendi hivyo, mzee."

Nilibadilisha vibao, kwa sababu matangi yalikuwa yake. Moyoni sikubadilisha kitu. Mtu aniambie mfupi na mrefu ni ndugu na mimi mwenyewe sijaona? Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akanionyesha meno ya wote wawili kwa kioo cha kukuzia, akanionyesha mapezi. Niliona meno. Ndugu sikuona.

Huyu ndiye mwalimu wangu, na nataka mjue alivyofundisha. Hakunipa jibu kabla hajaniuliza, na hakunificha asilolijua. Ukimwuliza jambo asilolijua anasema "sijui" bila kona, neno ambalo mimi nilijifunza kwake uzeeni. Na aliwapenda Wakimya kuliko wote. Walivuliwa na baba yake kwenye ghuba ya kijijini kwao, mwaka wa mwisho wa uhai wake, na ghuba ile sasa tope la mto limeyafukia makome yote. Aliniambia mara moja tu, akaenda kulisha.

Basi ikaja masika ile. Nyinyi mlikuwa hamjaja bado. Mvua ilinyesha kama iliyoahidiwa zawadi. Makuti yakakatika, yakaziba bomba la kutolea maji, na safu ya mbele yote ikajaa mpaka maji yakapita juu ya kuta za kati. Kuta zile nilijenga mimi na nitazitetea: zilikuwa na kimo cha mvua ya kawaida. Tulipofika asubuhi, safu ya mbele ilikuwa bwawa moja. Vikoi, Wafukiaji na Wakimya walikuwa wakiogelea pamoja kama watu wa mnadani. Majabali juu kule, salama salimini.

Mtasema, si uwachague tu? Jaribuni. Samaki huyu akiogopa anapoteza rangi. Mistari inafutika, doa linazimika, wote wanakuwa rangi ya jivu. Madume makubwa tuliyatambua kwa umbo. Majike na watoto, huyu na yule, sawasawa kama punje za mchele.

Bi Yusta akageuza ndoo, akaikalia.

"Mzee, basi. Wakishazaana mchanganyiko, hakuna wa kuwatenganisha tena. Vikoi na Wafukiaji nitapata wengine. Wakimya sitapata. Nitafunga, nirudi nyumbani."

"Wakimya wako wangapi?"

"Madume nimeyaona. Jike lililokomaa lilikuwa moja. Limo humo, au limeshaenda na mtaro."

Mambo ya ukoo niliyaacha kwake. Lakini nimechimba visima maisha yangu yote, na najua jinsi ya kumjua mtu usiyemfahamu: mpe sululu, ondoka, rudi uone shimo. Hawa nao ni wachimbaji. Nilikuwa nimewaangalia kwa miaka. Kikoi anakula mchanga kwa mdomo na kuutema mbali, analizungushia kome lake shimo mpaka linabaki wazi. Mfukiaji anafanya kinyume: anapiga mkia, anamwaga mchanga juu ya kome mpaka unabaki mdomo tu. Mkimya hachimbi. Anaingia, anatulia.

"Bi Yusta," nikasema, "kila mmoja apewe chombo chake, mchanga na kome moja. Tusimwangalie yeye. Tuangalie kazi yake."

Akanyanyua kichwa. "Vyombo vyote hivyo tunapata wapi?"

Vyombo nilijua vilipo. Bi Salama ndiye mshika ufunguo wa vyombo vya shughuli vya akina mama wa Miburani. Masinia, masufuria, na mabakuli ya bati yenye maua, meupe ndani, yamepangwa hadi darini. Nikaenda nyumbani kwa adabu zote.

"Mke wangu."

"Unataka nini?"

"Mabakuli."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Akaweka mikono kiunoni. "Shomari! Ijumaa tunabeba vyombo, Jumamosi ni harusi ya binti wa kaka yangu. Wewe unataka mchuzi wa harusi ya Kombo uandaliwe kwenye mabakuli ya vidudu vyako?"

"Yataoshwa."

"Kwa maji yako yasiyotoa povu?"

Lakini akavaa ushungi akaja mwenyewe kuangalia. Alimkuta Bi Yusta bado juu ya ndoo. Bi Salama alirudi nyumbani, na punde mabakuli yakaanza kuja, yamebebwa vichwani. "Ijumaa baada ya sala," akaniambia. "Likipungua moja, utakula wewe mchuzi kiganjani siku ya harusi."

Tukapanga mabakuli chini ya banda, safu kwa safu, kila bakuli mchanga, kome, samaki mmoja. Juu tukatandaza chandarua, maana kunguru wa hapa hawana dini. Na tukaenda zetu. Hilo ndilo gumu kuliko yote, Hamadi, na wewe hujaliweza mpaka leo: kwenda zako. Samaki akiona kivuli cha mtu hafanyi kazi.

Kesho yake tulipita na kijiti na sahani nyeupe ya kuchotea samaki. Kome limezungushiwa shimo: Kikoi, peleka. Kome limefukiwa: Mfukiaji, peleka. Tulikuwa tunacheka, kazi inakwenda kama maji mteremkoni. Bi Yusta aliinuka kwenye ndoo siku ile na hakukaa tena.

Yakabaki mabakuli ambayo mchanga wake haujaguswa. Mimi nikataka kuyamimina yote kwa Wakimya. Bi Yusta akanishika mkono.

"Subiri. Asiyefanya kazi ni Mkimya, au ni mwoga tu?"

Akanikamata. Kwenye kazi ya visima pia wapo, anayeegemea sululu kwa sababu ni mkimya wa asili, na anayeegemea kwa sababu ana homa. Shimo halikwambii.

Akafikiri, huku anatafuna ncha ya kijiti. Halafu akasema, "Kama ni ndugu wa Majabali, kama kweli ni ndugu, basi ukimnyima kome ukampa ufa wa jiwe, ataujua. Hajawahi kuuona, lakini ataujua. Mwoga wa koo zile mbili hatajua ni wa kufanyia nini."

Tukatoa makome, tukaweka kila bakuli mawe mawili ya matumbawe yaliyoegemeana, na ufa katikati. Tukaenda zetu.

Tuliporudi, nikainama kwenye bakuli la kwanza. Alikuwa ndani ya ufa, kageuka, kichwa nje, anatuangalia kama mwenye nyumba anayeuliza tunataka nini. Nikapanda safu ya juu kwenye tangi la Majabali. Hivyo hivyo. Kichwa kile kile, mkao ule ule, jicho lile lile la dharau. Nikashuka, nikaenda kwenye bakuli la pili, la tatu. Nikapanda tena juu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona ndugu," nikasema. Meno ni meno, lakini mtu na mdogo wake wakikaa kwenye viti utawajua tu.

Wengine walikuwa wamelala juu ya mchanga wakihangaika, na mmoja mmoja wakaanza kuchimba chini ya mawe kama vichaa. Waoga hao. Tukawarudisha kwao.

Mpaka Ijumaa, Wakimya tuliowapata walikuwa madume na watoto. Likabaki bakuli moja. Lilikuwa na jike, hilo hatukubishana, tumbo limejaa mayai. Lakini jike la nani? Lilikuwa na rangi ya jivu, pezi limechanika na mafuriko, limelala kando ya mawe na halikufanya lolote, si kuchimba, si kuingia. Tukiliweka kwa madume ya Wakimya kumbe ni la Wafukiaji, tumeharibu tulichokiokoa. Tukiliweka kwa Wafukiaji kumbe ndilo, madume ya baba yake Bi Yusta yatazeeka makapera na habari inaishia hapo.

Sala ikaisha. Akina mama wakaja na matenga, Bi Salama mbele, Kombo nyuma akiwa mzee wa harusi, kofia mpya.

"Shemeji, nimekuja kuona wageni wangu wamekaa kwenye mabakuli," akasema. "Wamealikwa upande wa bibi harusi au wa bwana?"

"Kombo, nyamaza, na msogee nyuma, mnamtia kivuli."

"Ati namtia kivuli! Binadamu mzima naambiwa nampa kivuli dagaa."

"Kaka, hebu nyamaza," Bi Salama akasema, na Kombo, kwa mara ya kwanza katika maisha niliyomjua, akanyamaza.

Mabakuli mengine yalikuwa yameshasuguliwa kwa majivu na limau, yanang'aa. Akina mama wakayapanga kwenye matenga, na hawakuondoka. Wakakaa mbali chini, kwenye majamvi, kama wanaosubiri bibi harusi atoke. Bi Yusta alisimama nyuma ya nguzo, kitambaa cha kichwani amekishika mdomoni.

Jike likapepea mapezi. Likazunguka jiwe la kwanza. Likagusa mchanga kwa mdomo, na nikasikia Bi Yusta anavuta pumzi, maana hivyo ndivyo anavyoanza Mfukiaji. Likauacha. Likazunguka tena, likasimama mbele ya ufa, likaangalia ndani. Halafu likarudi kinyumenyume, polepole, mkia kwanza, kama mtu anayeegesha gari, mpaka kikabaki kichwa tu nje.

"Nyumbani!" nikasema, na nilisema kwa sauti.

Bi Salama akapiga kigelegele. Akina mama wote wakadakia, na Miburani nzima ikadhani harusi imeanza siku moja kabla. Bi Yusta alikuwa analia na kucheka, na Kombo anauliza kila mtu, "Kaingia? Kaingia? Mbona mimi sijaona?" Aliomba samaki atoke aingie tena. Hatukumsikiliza.

Harusi ilifana. Kombo aliunusa mchuzi mara mbili kabla hajala, halafu akala bakuli tatu.

Mengine mnayajua, mmeyakuta. Wakimya wote waliomo safu ya juu, pembeni mwa Majabali, wametoka kwenye tumbo lile. Bi Yusta hakurudi Kigoma, na kuta za kati nimeziongeza kimo, si kwa sababu zilikuwa fupi. Kibao kipya, cha Wakimya na Majabali ukoo mmoja, nilikipiga mwenyewe, na hakuna aliyeniamuru.

Kazi ni hiyo basi. Mkipata mchanganyiko tena, msimkodolee samaki macho. Mpeni kazi, mwende zenu, mrudi. Asiyefanya kazi mpeni ufa wa jiwe. Mkishindwa kabisa mwulizeni Bi Yusta, na akisema "sijui", kaeni naye mpaka mjue wote.

Na bakuli lile la mwisho limo chini ya meza ya saruji, nyuma ya gunia la makome. Siku ile hatukuthubutu kulisogeza na jike ndani, matenga yakaondoka bila yake. Bi Salama aliliulizia miaka mingi, sasa ameacha. Lina mchanga na mawe yake mawili, tayari kwa kazi. Msimkumbushe.